Mawe ya Mtoni Uliyoyang'oa Mpakani

Dodoma,
Januari.

Mdogo wangu Evodi,

Nakusalimu. Nimeanza na salamu kwa sababu baba alitulea hivyo: hata kama umemkasirikia mtu, unamsalimu kwanza, mengine baadaye. Habari za hapo Kaisho? Mkeo hajambo? Ile homa ya mtoto imeisha, au bado mnamfukiza majani tu na kumlaza? Migomba imeshika mvua? Shangazi Severina bado anakohoa? Sisi huku tunapumua. Sukari imeadimika tena, sabuni tunakata vipande vidogo kama peremende, na bomba la maji linatoka likijisikia. Mwaka huu mvua ya Dodoma imetushangaza, imenyesha mpaka bati likavuja na nimetandaza mabeseni chumba kizima. Cherehani niliyopewa kule kwenye ushirika wetu wa kushona sare za shule imeharibika pedali, nashona kwa zamu ya kuazima kwa mwenzangu. Shemeji yako bado yuko reli, na mgongo wake bado unamsumbua. Hayo ndiyo ya huku, na hatujalala njaa, tunashukuru.

Salamu zimeisha. Sasa nakuuliza, Evodi: una wazimu?

Mwalimu Privatus alifika hapa kuhudhuria semina yake ya walimu, na kile kiroba chako begani. Hebu fikiria safari ya mtu yule. Lori mpaka Kayanga, basi mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, treni mpaka hapa, na kila mahali anapanda na kushuka na mzigo wako kama mchukuzi uliyemwajiri. Alipokitua mlangoni nilipiga kigelegele. Nikasema ni msimu wa senene, mdogo wangu kanikumbuka, kaniwekea senene waliokaangwa na juu yake maharage ya kwetu, ndiyo maana kizito hivi. Nikawaita akina mama wote wa nyumba hii. Hawa nimewachosha masikio kwa sifa za senene, wananicheka kwamba sisi watu wa Kagera tunakula panzi. Leo wataona, nikasema. Nikabandika kikaango, nikafungua kamba mbele yao wote.

Mawe matupu, Evodi. Meusi, ya mviringo, yamekaa humo kama viazi. Mama mmoja wa Kigogo akaniuliza kwa upole kabisa, "Na haya mnakaanga kwa mafuta au kwa maji?" Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Mimi nimebaki na kikaango kinatoa moshi.

Ndani mkawa na kikaratasi chako. Kwamba ni madini ya bati, kwamba yametoka kwenye kibanja chetu, shamba letu wenyewe, kwamba nisimwonyeshe mtu asiyeaminika, nitafute mtaalamu maana Dodoma wamejaa. Kwamba yule mfanyabiashara wa Murongo anayenunua bati alikuambia mkinywa rubisi kuwa jiwe zuri la bati ni jeusi na linakaa chini. Na wewe kwa ujanja wako hukumwonyesha hata yeye, ukiogopa atakuwahi! Angekucheka palepale, na haya yote yasingetokea. Najua kwetu kila mtu ana shimo lake la bati, kila jiwe jeusi linampa mtu ndoto. Sikukasirika bado. Nilikasirika baadaye.

Nilimpelekea bwana Lameck. Huyu ni jirani yetu wa nyumba ya pili, kazi yake ndiyo hiyo ya miamba, amezunguka nchi nzima na nyundo mkononi mpaka huko kwetu amefika, na chai ya kwetu isiyo na sukari anaikumbuka. Ni mtu aliyesoma na hana maringo. Tulimkuta barazani kwake Jumapili baada ya kanisa. Nikayamwaga mawe juu ya gunia. Yeye hakucheka, wa kucheka alikuwa shemeji yako.

Akachagua dogo kuliko yote, akaniwekea kiganja cha kushoto. Kisha akaingia ndani akatoka na kijiwe chake cheusi, kinalingana na hilo, akaniwekea kulia. "Hilo la kulia ndilo bati lenyewe," akasema, "nililiokota huko huko kwenu. Pima." Evodi, mkono wa kulia ulishuka wenyewe. Lile la kwetu likawa jiwe tu, kama jiwe lolote la kumtupia mbwa.

"Uzito ndio wa kwanza kuuliza," akasema. "Rangi inadanganya."

Akachukua kisu, akaparua ule weusi. Ukatoka kama ngozi ya chungu cha zamani, chini yake pakawa pekundu kama tofali. Akanieleza kuwa weusi ule ni kutu, kwamba udongo wetu una chuma, na jiwe likilala chini miaka mingi kutu inalivaa mwili mzima. Akadondosha tone la maji pale alipoparua, tone likazama, likanywewa. Akadondosha jingine juu ya bati lake, likakaa juu linang'aa. Halafu akaniomba ruhusa. Nakuambia aliomba ruhusa, si kama wewe. Akapiga moja nyundo, likapasuka vipande viwili, akanipa na kioo chake cha kukuzia. Ndani yake ni punje, Evodi. Punje kwa punje, kama sukari iliyopata unyevu ikashikamana, na mistari myembamba, mmoja mwekundu, mmoja wa rangi ya mchanga, mmoja mwekundu tena. Nikisugua kwa kidole, punje zinabaki kidoleni.

"Hili ni jiwe la mchanga," akasema. "Zamani sana, kabla ya watu, huu ulikuwa mchanga wa kawaida chini ya maji. Ukatulia tabaka juu ya tabaka, ndiyo hiyo mistari. Ukalemewa na uzito wa juu yake mpaka ukawa mwamba. Mwamba nao ukaja ukavunjika, kipande kikaanguka mtoni, maji yakakiviringisha mpaka pembe zote zikaisha. Shika. Unaona kona yoyote?"

Sikuona kona.

"Basi hili limekulia mtoni. Kibanja chenu kiko kando ya mto?"

Nikamwambia hapana, sisi tuko mlimani, Mto Kagera uko kule Murongo, ukitoka kwetu alfajiri unafika jua limeshakuwa kali. Akaniuliza mawe ya mlima wetu yakoje. Nikamwambia ni yale ya bapa yanayobanduka kama vigae, na yale meupe makali yanayotukata nyayo tukipalilia.

Akayatazama tena yale mawe, akayapanga. "Basi haya si wenyeji wa mlima wenu," akasema. "Yako mambo mawili. La kwanza, mto wa zamani ulipita huko juu, na usishangae, hutokea. Lakini hapo ungeyakuta yametapakaa shamba zima, makubwa kwa madogo, kila ukipiga jembe. La pili, watu waliyabeba. Mimi siwezi kukuambia lipi, sikuyaona yakiwa ardhini. Muulize ndugu yako yalikuwa yamekaaje."

Nilirudi nyumbani na mawe yako. Wewe uko mbali, nikamuuliza Privatus, alikuwa bado hajamaliza semina. Nilimwandalia chai, nikamwuliza kwa uzuri: mwalimu, Evodi alichimba wapi haya mawe? Akaanza kukoroga chai. Anakoroga, anakoroga, na chai haina sukari.

"Mwalimu, chai itatoboka."

"Dada Adventina, mimi nilipewa mzigo tu."

"Nakuuliza shimo, sikuulizi mzigo."

Ndipo akasema. Kwamba ulikuwa unapalilia pale juu, mpakani na kwa marehemu mzee Felisiani, jembe likagonga jiwe jeusi la mviringo kwenye mizizi ya ule mramura mkubwa. Ukakumbuka maneno ya rubisi. Ukaung'oa mramura. Mramura wa mpaka, Evodi! Mti ambao hata mbuzi wa kwetu wanaupita kando! Ukachimba mpaka magotini, ukayakuta mawe yamelala pamoja mahali pamoja, yamezungukwa na makaa, na kwingine kote ulikochimba hukupata hata moja. Ukajaza kiroba.

Nikamwambia Privatus nyamaza kwanza. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua. Makaa! Mto gani unabeba makaa na mawe ukayafukia kwenye shimo moja chini ya mramura? Nilijua palepale umeng'oa nini, maana nilikuwepo yalipowekwa.

Sikiliza sasa, maana hili hukufundishwa, ulikuwa hujazaliwa. Mzee Felisiani alipopewa kibanja chake jirani na chetu, kabla hata hajaoa, yeye na baba waliamka mapema wakaenda Kagera. Mimi niliwafuata na kibuyu cha togwa kichwani, nilikuwa binti mdogo mwenye miguu myembamba na mdomo mrefu, nikauliza njia nzima tunakwenda kufanya nini. Waliingia majini hadi magotini, wakachagua mawe. Baba akichagua moja, Felisiani analigeuza, akiridhika wanaliweka kwenye kapu. Felisiani akichagua, baba naye analigeuza. Walikataa kila jiwe lenye kona. Nikamwuliza baba kwa nini tusichukue mawe ya nyumbani, yamejaa tele. Akasema, "Mlima wetu hauzai mawe ya mviringo. Atakayeyakuta atajua yaliletwa."

Walipanda na kapu lile mlima mzima, wanapokezana. Jioni ile ile wakachimba shimo mbele ya wazee, wakayalaza mawe, wakamwaga makaa juu, kwa sababu makaa hayaozi, wakafukia, na juu yake wakapanda mramura. Baba alinieleza tukirudi ndani. Mramura mtu mwenye tamaa anaweza kuung'oa akausogeza, ukashika tena, unashika upesi ule. Lakini atausogeza mti tu, hatakumbuka kilichomo chini. Siku ya ugomvi wazee wanachimba. Penye mawe ya mto ndipo penye mpaka, na mramura ulio mtupu chini ni mramura wa mwongo.

Ndicho ulichonitumia nikitafutie bei. Umeng'oa ushahidi wa baba yako, umeutia kwenye kiroba, ukanitumia Dodoma!

Na kama ungeishia hapo ningesema ni ujinga, mdogo wangu ni mjinga, nimpigie kelele yaishe. Lakini nilirudi ndani, nikamwambia Privatus aendelee, na aliyoyasema baada ya hapo yameninyima usingizi wiki nzima. Nimelia, Evodi, kwa hasira. Nimeshona sare ya mtoto wa watu mikono nyuma mbele.

Kwamba mama Koleta alipoona shimo alipiga yowe mpaka watu wa ng'ambo wakaja. Mjane wa Felisiani, mumewe hana hata mwaka mzuri kaburini, anazunguka shimo anauliza, "Mawe yako wapi? Mawe ya mume wangu yako wapi?" Na watu wakadhani anayataka madini! Na wewe ukasimama hapo umeshika kiuno ukasema ana wivu. Balozi wa nyumba kumi akaja. Na wewe, badala ya kusema nilikosea, nirudishe, ukaona aibu mbele ya watu, ukatafuta neno la kujifunika. Ukasema mramura ule haukuwa mahali pake. Ukasema Felisiani aliusogeza baba alipofariki mwaka ule wa vita, wewe ukiwa bado kijana na hakuna mtu mzima wa kumkemea. Ukasema mpaka wa kweli uko juu zaidi, na ushahidi ni kaburi la mama: liko kule juu, na nani amewahi kumzika mama yake kwenye kibanja cha mtu? Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaona una hoja. Balozi akasema baraza litakaa Privatus akisharudi, kwa kuwa yeye ndiye karani wao, na mpaka utapimwa upya kuanzia kaburini. Yaani kahawa yote ya mama Koleta iliyoko pale juu, miche aliyoipanda na Felisiani, ile inayowavalisha watoto wake, iwe yako.

Wewe! Mtoto niliyemtafunia viazi!

Haya, hebu tufikiri pamoja, maana shule ulikwenda. Unasema Felisiani aliusogeza mramura. Kama aliusogeza, chini yake ungekuta nini? Udongo. Vigae vya mlima wetu. Wewe umekuta mawe ya mtoni, yaliyokaa pamoja, na makaa. Bwana Lameck hamjui Felisiani, hamjui Koleta, hajui hata mramura ni mti gani, na amesema mawe yale yalikulia mtoni, yakabebwa au na mto au na watu. Na shimo lako wewe mwenyewe limesema ni watu. Kutu iliyoyavaa ni ya miaka mingi, hayakufukiwa baada ya vita. Mramura haukusogea hata unyayo. Umemwita marehemu mwongo mbele ya kijiji, na kinachomtetea ulikuwa umekibeba mwenyewe mikononi.

Sasa kaburi. Hapa nataka ukae chini, na kama mkeo yuko karibu mwambie atoke kidogo.

Mama alipofariki wewe ulikuwa unanyonya. Ilikuwa masika, mvua haikatiki. Wanaume walianza kuchimba kaburi nyuma ya nyumba yetu, chini ya migomba, mahali baba alipotaka. Jembe likafika kiunoni likagonga mwamba, ule ule wa vigae, lakini huo ni mzima, haubanduki. Wakahama, wakachimba karibu na zizi. Mwamba tena. Upande wetu wa mlima ni jiwe tupu chini, ndiyo maana hata migomba yetu huwa inaanguka kwa upepo, mizizi haina pa kwenda. Maji yakajaa kwenye mashimo yote. Mama yuko ndani, amevikwa, waombolezaji wamejaa, na padri anatazama saa. Baba alikaa kwenye ukingo wa lile shimo la pili, miguu ndani ya tope. Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa vile.

Felisiani akaja na jembe lake begani. Akamwambia, "Ndugu yangu, inuka. Mchimbie kwangu, pale juu udongo ni mwingi." Baba akasema haiwezekani, mke wangu hatalala kwa watu. Felisiani akasema, "Kwani sisi ni watu?" Akapanda, akavuka mramura, akakata migomba yake iliyokuwa imebeba, akaanza kuchimba yeye mwenyewe. Mama Koleta alikuwa ameolewa juzijuzi, bado mwali, bado anaona haya kuongea mbele ya wakwe. Ndiye aliyekupokea mgongoni mwangu nikaenda kumzika mama. Ulilala kwake siku nzima, ukinyweshwa uji wa ulezi.

Matanga yalipoanuliwa baba alitaka mramura uhamishwe, kaburi liingie upande wetu, na yeye amfidie Felisiani kwingine. Felisiani alikataa. Alisema mawe yale tuliyabeba pamoja, hatuyafukui mimi na wewe. Watoto wako wakitaka kuja kumlilia mama yao waje, nani atawauliza? Baba akatuita, mimi na shangazi, akatuambia tusilitangaze jambo hili, maana kwetu ni aibu mtu kulazwa nje ya kibanja chake. Tukanyamaza, na Felisiani naye akamwahidi baba hivyo. Na baba na Felisiani walikufa mmoja baada ya mwingine bila kulitaja tena. Shangazi Severina alikuwepo. Nasikia alianza kusema mbele ya balozi ukamkatisha, ukasema bibi kazeeka, anachanganya. Hachanganyi chochote. Kamwombe radhi.

Mama hayuko upande wetu, Evodi. Hakuwahi kuwa upande wetu. Amelala kwenye udongo wa mtu aliyekubali kukata migomba yenye ndizi siku ya mvua, na wewe umelichukua kaburi hilo ukalifanya jiwe la kumpiga nalo mjane wake.

Na kuna hili moja, ndilo lililonimaliza kabisa. Nilimuuliza Privatus, balozi alipomuuliza Koleta kuhusu kaburi, alijibu nini? Maana huyo angekunyamazisha kwa neno moja mbele ya kijiji kizima. Alijua. Kalipalilia kwa mikono yake mwenyewe miaka yote, analitandikia nyasi kila Krismasi, wewe ukipita hapo ukidhani ni shangazi. Privatus akasema balozi aliuliza, "Mama, kaburi hili ni la nani?" Koleta akatazama chini akasema, "Ni la mama yake Evodi." Basi. Hakuongeza. Kahawa yake inakwenda, watoto wake wanatazama, na bado amekufichia aibu yako kwa sababu mumewe alimwahidi baba.

Sasa nisikilize vizuri. Hutasubiri baraza. Utakwenda kwa mama Koleta mchana, watu wakiwa mashambani wakikuona, na hutakwenda na rubisi wala na maneno ya kuzunguka. Utamwambia ulichokosa. Utamwambia balozi kuwa uliyosema juu ya Felisiani ni uongo, useme neno hilo, uongo, usiseme kwamba hukuelewa. Shimo lile usiliguse, likae wazi lilivyo. Mramura ukate kipande kizuri kwenye ule uliong'oa, kama hujautupa, uloweke usikauke, lakini usiupande. Kupanda utapandiwa na wazee, mbele ya watu wote, na wewe utashika jembe tu.

Madini nayo ukiyataka, bati liko huko kwenu, wenzako wanachimba. Chukua jiwe lilipime kwa mkono, liparue, lipasue. Likiwa na punje za mchanga ndani na halina kona nje, usiulize bei yake. Uliza nani alilileta.

Nisalimie mkeo, na mwambie dawa ya homa ya mtoto ni zahanati, si majani. Nisalimie shangazi Severina, mtunza maneno ya ukoo wetu, na umnunulie blanketi. Nisalimie balozi, mwambie dada yake Evodi aliyebeba kibuyu cha togwa siku ya mawe bado yu hai, kumbukumbu anayo, na barua yake ya ushahidi amepewa karani, imetiwa dole gumba, imeshuhudiwa na shemeji yako. Wajukuu wa baba wote wasalimie kwa majina yao.

Kwa mama Koleta usipeleke salamu zangu. Nimemtumia mwenyewe kwa mkono wa Privatus, anayeondoka kesho na barua hii, pamoja na mawe yake yote, hata lile lililopasuliwa, nusu zote mbili. Nimemwambia mlango ukibishwa ni wewe, na nimemwomba akufungulie.

Mimi dada yako niliyekubeba,
Adventina.